Fyuzi Mfukoni

Miaka thelathini na mmoja nimeendesha
na sikuwahi kukata kona.
Kona ilikatwa na chuma. Mimi nilikuwa breki, honi,
na chupa ya chai iliyopoa kabla ya Malagarasi.
Pale Kaliua, mtu wa pointi alishika wenzo wake:
akivuta, Mpanda; akiacha, Kigoma.
Nami huko juu, kofia kichwani, naitwa dereva.

Kwa hiyo kiinua mgongo kilipotoka
sikununua mabati wala mashine ya kukoboa.
Nilinunua gari la watu wawili, fupi,
limeinama kama paka aliyeona panzi,
kilo mia tisa na kitu.
Nyamizi, mke wangu, alilizunguka mara moja tu:
"Hili si gari, ni kiatu. Na mguu wangu hauingii."

Asubuhi ya kwanza, barabara ya Urambo.
Nikazungusha usukani: ukaenda. Laini.
Laini mno, kama kukoroga uji wa mgonjwa.
Lami ilikuwa na viraka, sikuambiwa.
Rasta zikapita, nikazipata makalioni;
viganjani, kimya.
Humu ndani mna mtu anayeamua, nikasema.
Mtu wa pointi amejificha chini ya dashibodi.

Kalunde, fundi wa gereji ya Cheyo,
alicheka hadi akaweka spana chini.
"Si mtu, mzee. Ni mota, kubwa kama kopo la maziwa.
Kompyuta ikihisi unataka kugeuka, mota inasukuma.
Inakuonea huruma. Na mtikisiko wa barabara inauchuja
kama asali ya dukani: nta imetolewa,
nyuki katolewa, hata moshi umetolewa,
umebaki utamu usiojua kwao."

"Basi nitolee huyo mwenye huruma."

Akafungua kifuniko, akachomoa fyuzi
ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
akaniwekea kiganjani.
Taa ya njano ikawaka.
"Iache," akasema. "Nayo ina maoni yake."

Sitadanganya: kutoka gerejini mabega yalilia
kama napakia magunia. Nilijuta hadi getini.
Kisha gari likachanganya mwendo
na ule uzito ukawa maneno.

Kiraka: nikakijua.
Changarawe iliyomwagwa na lori: ikanitekenya.
Tairi la kushoto limepungua upepo:
likanishtakia lenyewe, kabla Kalunde hajalipima.
Na kwenye kona ile ndefu, baada ya mabani ya tumbaku,
usukani ukajaa mkononi, ukajaa kama ndoo kisimani,
halafu, kidogo tu, ukapungua,
kama mtu anayeshusha sauti
kabla ya kusema kweli.
Ndipo nikaelewa: hapa tairi limeanza kuchoka kushika.
Nikaachia mafuta.
Hakuna chuma kilichonishikia.
Ningekosea, ningekosea mimi.

Sijala kiapo. Siku ya soko, Nyamizi akiwa kando yangu
amebeba kapu mapajani na malalamiko juu ya kapu,
fyuzi nairudisha, maana kuegesha pale ni mieleka
na mimi si kijana.
Mota hainipi shukrani, haininunii.

Lakini leo nilikuwa peke yangu, fyuzi mfukoni
pamoja na kitambulisho cha zamani cha shirika.
Nikafika kwenye kivuko cha reli,
nikatazama kushoto, kulia, kama nilivyowaomba
wenye magari wote kwa honi, miaka yote ile.
Nikavuka taratibu.

Reli ya kwanza ikagonga viganjani.
Ya pili ikagonga.
Thelathini na mmoja nimezikalia
na hazijawahi kunigusa mkono.

Nikasimama ng'ambo, injini ikinguruma polepole.
Karibuni, nikasema.